Bei ya Siku Moja: Kibarua, Mshahara na Akiba katika Historia ya Pwani

Maneno ya kazi na malipo katika lugha yetu ni maneno ya wakati. Kibarua, kabla ya kuwa jina la mtu au la kazi, kilikuwa barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi kiwe ushahidi wa siku yake moja, akirudishe wakati wa kudai ujira. Mshahara una asili yake katika neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Ni malipo ya mtu aliyeuza mwezi mzima. Kipande, katika mashamba makubwa ya mkonge, kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30, na siku ambayo mtu hakufanya kazi haikutiwa alama. Ngwe ilikuwa sehemu ya shamba iliyopimwa iwe kazi ya mtu mmoja. Posho ilikuwa chakula cha kupimwa, kikitolewa kwa siku au kwa juma.

Msomaji akiyapanga maneno haya ataona kwamba wasemaji wa Kiswahili walipohesabu fedha hawakuacha kuhesabu siku. Wala hili si jambo la msamiati peke yake. Nyuma ya kila neno wamesimama watu wawili, mmoja ana siku na mwingine ana fedha, na lazima bei ipatikane baina yao.

Swali la kale ni hili: lipi bora, kuhifadhi fedha au kuhifadhi wakati? Aghalabu swali hili hujibiwa kwa mawaidha, na methali zetu ziko tayari kumtumikia kila msemaji. Anayependa fedha atasema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Anayehofia wakati atajibu kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wote wawili wamesema kweli, na kesi haijaamuliwa. Hata wosia wa Benjamin Franklin wa mwaka 1748, uliolinganisha wakati na fedha, haukuamua. Kwa kuwa aliuandika kwa kijana mfanyabiashara ambaye siku yake ilikuwa mali yake tangu alfajiri. Yeye hakuwa na haja ya kuuliza swali lililotangulia mengine yote, nalo ni hili: siku hii ni ya nani?

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki swali hilo halikuweza kurukwa. Kwa sababu hiyo nadhani historia ya vibarua wetu yaweza kutufundisha jambo ambalo mawaidha hayatufundishi. Nitajaribu kuonyesha kwamba wazee wetu wa kazi waliijua hesabu ya fedha na wakati barabara, na kwamba wale walioitwa wavivu katika majalada ya serikali walikuwa, mara nyingi, wanahesabu kitu ambacho waandishi wa majalada hawakukiona.

Tuanze na karne ya 19. Katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja, desturi ilikuwa mtumwa amfanyie bwana wake kazi siku tano, na siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, zilikuwa zake, apate kulima konde alilopewa na kuuza kilichozidi. Desturi si haki, na bwana mkali aliweza kuivunja. Walakini yatosha kuonyesha kwamba juma lenyewe lilikuwa limegawanywa kama shamba, na mpaka wake ulijulikana. Mtumwa aliyeambiwa afanye kazi siku ya Alhamisi alijua kwamba ameibiwa.

Mijini mambo yalikuwa na sura nyingine. Unguja Mjini na Mombasa palikuwa na watumwa waliotolewa na mabwana zao kwenda kutafuta kazi ya kutwa: kubeba mizigo bandarini, kujenga, kusafisha gundi ya sandarusi, kuchukua pembe na magunia. Hao ndio vibarua wa kwanza. Jioni walipokea ujira, na sehemu yake, mara nyingi nusu, ilikuwa ya bwana. Wengine walikaa mbali kabisa na nyumba ya bwana, wakifanya ufundi au uvuvi, na wakimletea ijara, yaani malipo maalumu ya mwezi au ya mwaka. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotengenezwa na Carl Velten, ametuachia habari nyingi za watumwa na mabwana kwa Kiswahili cha wakati ule, na asomaye ataona jinsi mambo ya utu na mambo ya mali yalivyofungamana.

Sheria ya Kiislamu iliruhusu jambo moja kubwa: mtumwa kupatana na bwana wake alipe bei yake mwenyewe kwa mafungu, kisha awe huru. Mapatano hayo kwa Kiarabu huitwa mukataba, neno ambalo lina shina moja na mkataba wetu wa leo. Si watumwa wote waliopata nafasi hiyo, wala si mabwana wote waliokubali. Lakini tumtazame yule aliyeipata, kwa maana katika habari yake suala letu limefika ukomo wake.

Mtu huyu anaweka akiba. Kila pesa asiyoila leo ni sehemu ndogo ya siku itakayokuja ambayo haitakuwa ya mtu mwingine. Kwake yeye akiba haikuwa tabia njema tu iliyosifiwa na wazee, wala haikuwa woga wa njaa tu. Ilikuwa ni kununua wakati, kwa maana kamili ya neno kununua. Lakini hapo pana tatizo lake. Apate kulipa upesi, yamfaa auze na zile siku chache alizokuwa nazo: Alhamisi yake, Ijumaa yake baada ya sala, jioni zake. Akiziuza zote, atakuwa huru mapema, ila atafika kwenye uhuru amechoka, na konde lake limeota magugu, na watoto wake wamekua hawamjui. Akizihifadhi, atakula vizuri na kupumzika, lakini siku kubwa itakawia, na pengine kifo kitaitangulia. Mtu huyo alitoa siku alizokuwa nazo ili apate siku asizokuwa nazo. Hakuna mwanafalsafa aliyeuliza swali hili kwa ukali kuliko maisha yalivyomuuliza yeye.

Tarehe 6 Aprili 1897 hali ya utumwa iliondolewa kisheria katika Unguja na Pemba. Katika pwani ya Kenya iliondolewa mwaka 1907, na katika Tanganyika mwaka 1922. Yafaa tukumbuke kwamba amri ya 1897 iliwaacha masuria nje. Hao walingoja mpaka mwaka 1909. Kwa miaka 12 serikali ilikiri kwamba siku za mwanamume ni zake, na siku za mwanamke aliye suria bado ni za mwingine. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu mara nyingi husahauliwa.

Baada ya amri, mabwana na maofisa walitazamia kwamba walioachwa huru watafanya kazi ile ile kwa ujira. Wengi hawakufanya hivyo. Wengine walikaa mashambani wakapatana kutoa siku kadha kwa juma, wapate mahali pa kujenga na kulima. Wengine walikwenda mjini wakafanya kazi siku walizotaka. Maofisa wakalalamika kwamba watu hawa hawajui thamani ya fedha. Lakini mtu aliyetumia miaka akikusanya pesa moja moja ili ajinunue, ataambiwaje kwamba hajui thamani ya fedha? Aliijua vizuri, na ndiyo maana hakutaka kuirudisha siku yake sokoni kwa bei yoyote atakayotajiwa.

Serikali za kikoloni zilipata njia nyingine ya kuzifikia siku za watu, nayo ni kodi. Katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Katika Kenya kodi ya nyumba iliwekwa mwaka 1901. Haja ya serikali haikuwa fedha peke yake. Ilikuwa pia kumtoa mtu kwake aende akaitafute fedha hiyo mahali pa kazi. Mkulima aliyekuwa na chakula, ng'ombe na nyumba, na asiyehitaji sarafu ila kwa nguo na chumvi, alijikuta kwamba sehemu ya mwaka wake imekwisha kuuzwa kabla hajaamka. Hapo ndipo wakati ulipogeuzwa kuwa fedha kwa amri. Methali isemayo kwamba wakati ni mali, ambayo siku hizi twaifundisha watoto kama hekima, kwa babu zetu wengi ilifika kama stakabadhi ya kodi.

Sasa twende Mombasa, bandari ya Kilindini. Reli iliyoanza kujengwa hapo mwaka 1896 ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na magati ya kina kirefu yakaanza kutumika mwaka 1926. Kazi ya bandari kwa tabia yake haina siku sawasawa. Zamani ilifuata kusi na kaskazi. Majahazi yalikuja kwa msimu na kuondoka kwa msimu. Meli za moshi zilipunguza utawala wa pepo, lakini hazikuuondoa utawala wa bahati: leo meli tano, kesho hakuna hata moja. Kwa hiyo makampuni ya kupakia na kupakua yaliona faida kuajiri makuli kwa siku. Asubuhi watu walikusanyika, mnyapara akachagua, na jioni wakalipwa. Jina la zamani la kibarua likapata nyumba mpya.

Kuli wa kutwa alilipwa kwa siku zaidi kuliko sehemu ya siku ya mtumishi wa mshahara mwenye kazi ya nguvu kama yeye. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi karibu nusu ya mwezi aliweza kupata kiasi kilichokaribiana na mshahara wa mwezi mzima. Nusu ya pili ilibaki mkononi mwake. Wenye mashamba karibu na mji walikwenda kulima, kwa sababu mvua haingoji. Wengine walivua, wengine walichuuza, wengine walihudhuria mazishi na harusi, wengine walipumzika kazi iliyovunja migongo. Wachache, bila shaka, walilewa. Jambo ambalo wenye mshahara pia walilijua.

Maofisa na wenye makampuni waliitazama nusu ile ya pili wakaona shimo. Waliandika kwamba kibarua ni mtu asiye na bidii, anayefanya kazi mpaka apate chakula chake kisha akaacha. Kwamba mji umejaa watu wasio na kazi maalumu. Kwamba hakuna nidhamu. Frederick Cooper, mwanahistoria Mmarekani aliyetoa mwaka 1987 kitabu juu ya kazi za bandari ya Mombasa, ameonyesha kwamba nyuma ya malalamiko hayo palikuwa na hofu kubwa kuliko hasara ya kazi. Mtu anayeweza kukosa kazini leo bila kufukuzwa hawezi kutishwa kwa kufukuzwa. Aliye na siku yake mkononi ana neno la kusema.

Na walilisema. Mwaka 1939 Mombasa iliona migomo iliyoenea kutoka kundi moja la wafanyakazi hata jingine, na makuli wa bandari wakiwamo. Januari 1947 mji mzima ulisimama kwa karibu siku 12. Bandari, reli, mahoteli na nyumba za watu vilikosa wafanyakazi. Kutokana na mgomo huo kilitokea chama kilichoongozwa na Chege Kibachia, ambaye mwaka huo huo alikamatwa na kuhamishwa mbali na Mombasa. Hapana shaka sababu ya kwanza ilikuwa ujira mdogo na gharama ya maisha iliyopanda. Lakini kibarua aligoma kwa wepesi kuliko mwenye mshahara, kwa kuwa kukaa siku chache bila kwenda gatini ilikuwa sehemu ya maisha yake ya kila mwezi. Zile siku zilizoitwa uvivu zilikuwa pia akiba. Ila hazikuwekwa katika chungu wala katika benki.

Serikali ikabadili shauri. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter ilitoa taarifa juu ya ujira wa Waafrika wa Kenya, ikashauri kwamba mshahara utosheleze mtu pamoja na jamaa yake, si mtu pekee kama kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba la mbali. Katika miaka ile ile makuli wa Kilindini waliandikwa katika daftari, wakatakiwa wahudhurie idadi maalumu ya siku, na wasiohudhuria wakafutwa. Mgomo wa bandari wa mwaka 1955 na majadiliano ya chama cha wafanyakazi yakaongeza malipo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 makuli wa Mombasa walikuwa miongoni mwa wafanyakazi waliolipwa vizuri katika Kenya, na idadi yao ilikuwa imepungua. Walipata ujira bora na kazi ya kutegemewa, na wakatoa ile hiari ya kuamua asubuhi kama leo wanakwenda au hawaendi.

Je, walipunjika? Hapa yatupasa tuwe waangalifu, kwa sababu ni rahisi kwa mtu aketiye chuoni kusifu uhuru wa kibarua. Siku huru bila fedha huweza kuwa siku ya njaa. Kuli aliyekwenda gatini akachaguliwa alikuwa huru. Aliyekwenda siku nne mfululizo asichaguliwe hakuwa na uhuru wa kutamanisha. Akiugua hakuwa na malipo. Akizeeka hakuwa na kitu ila watoto wake na shamba, kama anavyo. Mnyapara mwenye kuchagua aliweza kutaka rushwa. Vijana waliotoka bara, ambao hawakuwa na shamba karibu na Mombasa, waliona nusu ya mwezi isiyo na kazi kuwa hasara tupu. Kwao mshahara ulikuwa kheri, na hakuna haki ya kuwaambia kwamba walidanganywa.

Tena kuna jambo nililoahidi kulirudia. Siku huru ya kibarua mwanamume iliegemea siku isiyo huru ya mwanamke. Aliporudi kutoka bandarini na kupumzika, palikuwa na mtu aliyechota maji, aliyetwanga, aliyepika, aliyelea. Na siku ya mtu huyo haikuandikwa katika cheti chochote. Masuria wa Unguja walingoja miaka 12 baada ya wengine. Wake na mabinti wa watu huru wamengoja zaidi, na hakuna amri iliyotolewa kwa ajili yao. Hesabu yoyote ya thamani ya wakati isiyouliza ni nani anayefanya kazi wakati mwingine anapopumzika ni hesabu pungufu.

Kwa hiyo sisemi kwamba wakati ni bora kuliko fedha, wala fedha kuliko wakati. Nasema kwamba vitu hivi viwili havipimwi kwa mizani moja mpaka ijulikane kila kimoja ni cha nani na kitatumika kwa nini. Mtumwa aliyejinunua aliuza siku zake chache kwa sababu nyingi hazikuwa zake. Kuli wa Kilindini alikataa kuuza siku zake zote kwa sababu zilikuwa zake, na alikuwa na la kuzifanyia. Kijana wa bara aliuza mwezi mzima kwa sababu nusu yake ya pili haikuwa na shamba la kulima. Watu watatu, majibu mawili, na kila mmoja alihesabu sawasawa. Anayewahukumu kwa kipimo kimoja, akamsifu wa kwanza kwa akiba, akamlaumu wa pili kwa uvivu, hakuzisoma hesabu zao.

Suala hili halijafa. Leo yuko mtu anayetembea saa mbili kwenda kazini Dar es Salaam au Nairobi ili asilipe nauli, na watu humwambia kwamba anapoteza wakati. Huenda anapoteza, huenda hapotezi. Saa mbili zile zina bei tu kama kuna mtu aliye tayari kuzinunua, au kama kuna kazi, mtoto au kitabu kinachozingojea nyumbani. Kama hakuna, nauli aliyoiokoa ni chumo halali. Kama viko, basi ameuza kitu cha thamani kwa nauli ya basi, na yafaa ajue kwamba ameuza. Vivyo hivyo msomi anayekubali kila kazi ya ziada kwa ajili ya akiba ya uzeeni, hata asibakiwe na jioni moja ya kusoma, anafanya biashara ya yule mtumwa aliyeuza Ijumaa yake. Ila yule alikuwa akinunua uhuru, na msomi huyu yampasa ajiulize ananunua nini.

Wazee walisema kwamba akiba haiozi. Ni kweli kwa fedha, na ni kweli kwa nafaka iliyokauka vizuri. Siku haiwekwi ghalani. Jua likitua imekwenda, awe mtu ameitumia au hakuitumia. Ndiyo maana wale waliotutangulia, kila walipopokea kibarua chao na kukitazama, walijua kwamba karatasi ile ndogo ni siku moja ya maisha yao iliyokwisha kwenda mikononi mwa mwingine. Na kabla ya kwenda kuibadili kwa fedha walikuwa na haki ya kuuliza kama bei ilitosha. Sisi tunaoandika historia yao tuna wajibu wa kuwaachia haki hiyo.